Wenzake Edna

Asubuhi ya Jumatatu Clive Ackroyd alimwita mkewe kwa sauti isiyo ya kawaida yake, na Glenda akaja mbio kutoka jikoni akidhani mpira wa oksijeni umechomoka tena. Haukuwa umechomoka. Clive alikuwa ameketi kwenye kitanda walichokishusha sebuleni tangu ngazi zilipomshinda, na kiganjani amembeba Edna.

"Hebu tazama mikono yake," alisema.

Glenda akatazama. Yule panya wa kijivu mwenye tumbo jeupe alikuwa amejinyonyoa manyoya ya mikono yote miwili, ngozi imebaki wazi kama ya kifaranga. Pembeni mwa macho palikuwa na machozi mekundu yaliyokauka, yale ambayo mtu asiyefuga panya akiyaona hudhani ni damu.

"Jana hakuwa hivi," Glenda alisema, ingawa jana hakumtazama kabisa.

"Ni upweke, bibie. Wiki ya tatu hii tangu mwenzake Doris afe. Hali chakula, hachezi, nikimwita haji. Kajikunyata kwenye kona kama mtu aliyeachwa na basi." Clive alinyamaza avute pumzi. Siku hizi kila sentensi ndefu aliikata vipande viwili. "Itabidi apelekwe penye wenzake."

"Si tumletee wadogo wawili humu humu?"

"Halafu? Edna akifa wanabaki wawili. Mmoja akifa anabaki mmoja, tumtafutie na huyo. Haina mwisho hiyo. Mimi nitakuwa wapi wakati huo?"

Glenda alichukua kikombe chake cha chai, akavaa koti, akaenda kazini kwake, jiko la shule ya msingi, akagawe chakula kwa watoto mia mbili na kumi. Njia nzima ya kushuka hadi kituo cha basi alikuwa na jambo moja tu kichwani, na halikuwa mikono ya Edna.

Jambo lenyewe ni hili. Nesi wa kifua, aliyekuja kila baada ya wiki mbili, alikwisha kumwambia Glenda mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba mgonjwa wa mapafu akiamua kulala tu kifua hujaa, na kikijaa safari hii huenda asitoke hospitali. Na kitu pekee kilichomtoa Clive kitandani kila siku kilikuwa kile kizimba kilichokuwa dirishani. Saa moja na nusu asubuhi, Glenda akishaondoka, Clive alikuwa analazimika kusimama, kuburuta mpira wake hatua sita, kubadilisha maji, kukata tango, kufagia maranda. Kazi hiyo ilimchukua saa nzima. Miaka thelathini na moja alitengeneza vitanda kiwandani hapo mjini Batley, vumbi la mbao likamlia mapafu, na sasa kazi yake yote duniani ilikuwa panya. Akiondoka panya, nani atamwamsha?

Hilo Glenda hakumwambia. Watu waliooana miaka thelathini na nane hawaambiani mambo ya namna hiyo, huambiana dawa ziko wapi.

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda akaandika tangazo kwenye ukurasa wa wafuga panya mtandaoni, Clive akimtajia maneno. Jike, mwaka na miezi minane, mpole, hajawahi kuuma, anatafuta nyumba yenye panya wenzake. Sababu: afya ya mwenyewe. Kabla hawajamaliza kunywa chai, majibu yakaanza kumiminika.

"Wanasemaje?" Clive aliuliza.

Glenda alisoma kimoyomoyo. *Wiki TATU peke yake? Panya si samaki wa kwenye chupa.* Mwingine: *Kuna watu wasingepaswa kupewa hata kiroboto.* Mwingine: *Kama huwezi kufuga wawili wawili, fuga jiwe.*

"Wanasema pole," alisema.

"Acha uongo. Wafuga panya hawajawahi kumwambia mtu pole. Mimi nimo humo mwaka wa tisa. Mwenyewe nimewatukana watu humo."

Aliyejibu kistaarabu alikuwa mmoja tu, mwanamke aitwaye Kirsty Bould wa Ossett, mji wa jirani, mwenye majike watatu. Naye hakuanza na pole, alianza na maswali kama mtu wa uhamiaji. Amewahi kuugua kifua? Meno sawa? Uvimbe? Anakula nini? Kuna mtu anavuta sigara nyumbani?

"Mwambie nikiwasha sigara na huu mpira puani," Clive alisema, "mtaa mzima utaruka."

Glenda akaandika: *Hapana, hakuna.*

Jumatano jioni Kirsty akapiga simu, na masharti yake yakawa yale yale ambayo Clive mwenyewe angeyaweka. Panya wageni hukutanishwa mahali ambapo si pa yeyote, kwa hiyo atawakutanisha ndani ya hodhi la kuogea, lililosuguliwa. Kisanduku cha kumbebea Edna kioshwe kwa siki. Visije vitambaa, visije vyombo, kisije chochote chenye harufu ya nyumbani.

"Panya anaishi kwa pua," Clive alimfafanulia mkewe baada ya simu, kana kwamba hakumfafanulia mara mia. "Akinusa kitu chake, anajua hapa ni kwake. Akijua hapa ni kwake, anapigana. Asiponusa kitu, anakuwa mgeni tu, na mgeni ana adabu."

"Najua, Clive."

"Najua unajua."

* * *

Ijumaa, siku ya safari, Glenda aliomba ruhusa kazini. Clive alijifungia chooni akinyoa ndevu, jambo alilokuwa hajalifanya tangu Jumapili, na Glenda akaosha kisanduku kwa siki hadi macho yakamwasha. Kisha akasimama mbele ya kizimba. Ndani mlining'inia kitambaa cha bluu ambacho Edna na dada zake walilalia tangu wakiwa wadogo. Kilikuwa kigumu kwa mkojo na kimejaa manyoya, ya Edna na ya marehemu. Alikitoa, akakikunja mara nne, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko akautia kwenye mkoba wake. Hakujidanganya kwamba amesahau sharti. Alijua anafanya nini.

Mtungi mdogo wa oksijeni ulikuwa wa kutosha saa mbili na nusu tu. Basi la kwenda Ossett lilichelewa dakika ishirini, na ndani ya basi bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akakitolea macho kisanduku kilichokuwa mapajani mwa Clive.

"Sungura?" aliuliza kwa furaha.

"Panya," Clive alisema, kwa furaha zaidi.

Yule bibi akahamia kiti cha mbele bila kuaga. Clive alicheka hadi kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawafanya watu wote wa basi wageuke. Glenda alimshika bega na kutazama nje. Nyuma ya waya Edna alikuwa ametulia tuli, hanusi chochote, hana habari na mtu.

Nyumba ya Kirsty ilikuwa katikati ya safu ya nyumba zinazofanana. Mwenyewe alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, mwenye tatuu ya panya mkononi na taulo begani, naye alimwita kila mtu mpenzi, hata mtu wa posta aliyekuwa anapita.

"Karibuni, wapenzi. Bafu liko juu."

Clive akatazama ngazi. Zilikuwa kumi na tatu, nyembamba, zimesimama wima.

"Niachieni mimi na Bi Ackroyd tupande," Kirsty alisema. "Wewe mzee kaa hapa, nitakuletea chai."

"Huyu nimemlea mimi," Clive alisema. "Napanda."

Akageuka akaketi kwenye ngazi ya kwanza, akasukuma kwa miguu, akaketi ya pili. Hivyo hivyo, matako kwanza, kinyumenyume, kama mtoto anayejifunza, na mtungi wake ukibebwa na mkewe. Alipumzika ngazi ya nne na ya nane. Kirsty alisubiri juu akitazama ukuta, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomuumiza Glenda kuliko kama angecheka. Ngazi ya kumi na moja midomo ya Clive ilikuwa imeanza kuwa samawati.

Walimketisha kwenye kifuniko cha choo. Majike watatu wa Kirsty walikuwa tayari ndani ya hodhi, wananusana, migongo yao inanukia vanila. Kirsty akamtoa Edna, akampaka vanila naye, ili wote wanukie sawa.

"Jamani, mwembamba," alisema. "Atasikia baridi huyu."

Hapo Glenda akafungua mkoba. "Nimemletea kitambaa chake. Kwa vile ni mzee, nikaona asije akapigwa na baridi."

Kirsty alisita. "Kimefuliwa?"

"Kimefuliwa."

"Vizuri vizuri? Hakina harufu?"

"Nimekifua mwenyewe."

Kirsty angeweza kukinusa, lakini pua yake ilikuwa imejaa vanila, na mbele yake alisimama mama wa makamo mwenye koti safi. Akakipokea, akakitandika kwenye kona ya hodhi, akamweka Edna juu yake. Clive hakuona lolote, maana alikuwa amefumba macho, anahesabu pumzi.

Dakika mbili za mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha jike mdogo wa Kirsty, mweupe, jina lake Clover, akaja kukinusa kile kitambaa. Edna, ambaye wiki tatu hakuwa ameinua kichwa, akavimba. Manyoya yakamsimama mgongoni, akaenda upandeupande, na kabla Kirsty hajatupa taulo, akamrukia Clover na kumuuma paja. Mlio wa Clover ulikuwa mkali. Damu ilionekana nyingi kuliko ilivyokuwa, kwa sababu hodhi lilikuwa jeupe.

Kirsty alimtoa Edna kwa taulo akamrudisha kisandukuni. Alikuwa anahema. Akamkandamiza Clover paja kwa kitambaa chenye maji.

"Huyu si mpweke, wapenzi. Huyu amekwisha kuzoea enzi yake. Wengine wakikaa peke yao muda mrefu wanasahau kuishi na wenzao."

"Wiki tatu tu," Clive alisema.

"Kwa panya wa umri huu wiki tatu ni nyingi. Ungeniandikia siku ile ile mwenzake alipokufa." Alisema bila ubaya, kama daktari. "Ulichelewa, mzee. Siwezi kuwahatarisha wangu. Samahani."

"Hapana, ni sawa," Clive alisema. "Kosa langu."

Glenda alisimama pale pale, na mkoba wake, amepata alichokitaka. Alikichukua kile kitambaa ndani ya hodhi akakirudisha mfukoni, na hakuna aliyemzuia wala kumuuliza.

* * *

Safari ile ilimlaza Clive siku tatu. Nesi akaja, akamsikiliza kifua, akauliza ni mpumbavu gani alimpandisha mgonjwa huyu ngazi, na Clive akasema ni yeye mwenyewe huyo mpumbavu. Edna alirudi kwenye kona yake. Mikono ilipokwisha manyoya, akaanza kujinyonyoa kifua. Alipopata nafuu, saa moja na nusu ya kila asubuhi Clive alisimama, akabadilisha maji, akakata tango ambalo jioni Glenda alilitupa likiwa zima, limekauka.

Alhamisi, Glenda aliporudi kutoka kazini, Clive alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kizimba, mkono mmoja ndani.

"Mpigie daktari wa wanyama," alisema bila kugeuka.

"Anaumwa?"

"Tumlaze, asiamke tena. Kwa wenzake hawezi kwenda, peke yake hawezi kukaa. Sitaki afe kidogokidogo kwa sababu mimi nilikuwa mvivu wa kuandika tangazo."

"Hukuwa mvivu. Ulikuwa unaumwa."

"Doris alikufa Jumatano, tangazo likaandikwa wiki tatu baadaye. Nilitaka abaki kidogo, Glenda. Ndiyo ukweli. Nilijiambia atazoea. Ubinafsi wangu ndio umemharibu."

Glenda aliweka mkoba chini. Alikuwa amechoka miguu, amechoka mgongo, ananuka mafuta ya kukaangia, na kwa sekunde kadhaa aliona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Daktari angekuja, sindano moja, na siri ingezikwa na panya. Lakini mtu wake alikuwa ameinamisha kichwa akijihukumu kwa kosa lisilo lake, na hilo hakuliweza.

"Kile kitambaa sikukifua," alisema.

Clive akageuka.

"Nilikitoa humo ndani kama kilivyokuwa. Kirsty akaniuliza, nikamdanganya. Nilitaka Edna akatae. Nilitaka arudi."

Mashine ya oksijeni ilinguruma, ikapumua, ikanguruma. Mtu asiye na pumzi hawezi kufoka hata akitaka. Clive alimtazama mkewe, akamtazama Edna, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ile ile ya kuomba chumvi.

"Mpigie Kirsty."

"Nitampigia kesho, nikiwa—"

"Mpigie sasa hivi. Hapa. Nisikie."

Akampigia. Aliiweka simu juu ya blanketi, sauti wazi, akamweleza.

"Clover ameshonwa nyuzi mbili," Kirsty alisema.

"Samahani."

"Nilimwambia mumeo usoni kwake kwamba kosa ni lake."

"Najua. Samahani sana."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale pale."

"Nilikuwa nimesimama pale pale," Glenda alisema. Masikio yalimwaka moto. Alikuwa na miaka sitini na moja, na hajasemwa hivyo tangu akiwa darasani.

"Sasa nisikilize, mpenzi, ingawa mimi sijui kama wewe ni mpenzi wangu tena. Jumamosi, saa nne. Njoo peke yako, usimtese mzee wa watu. Na usilete hata uzi."

* * *

Jumamosi jirani yao, Pauline, aliwapa Glenda na Edna lifti hadi Ossett, na njia nzima hakufunga mdomo. Mwezi uliopita alikuwa amemlipa mtu aje kutega panya nyuma ya nyumba yake.

"Mimi nalipa wauawe," alisema kwenye mzunguko wa barabara, "jirani yangu ananiamsha Jumamosi asubuhi niwapeleke harusini."

"Mmoja tu, Pauline."

"Hata bibi harusi huwa mmoja tu."

Safari hii Glenda ndiye aliyekalia kifuniko cha choo. Kirsty hakumpa chai, wala hakumnyima, alisahau tu au alijifanya kusahau. Clover alikuwa amenyolewa paja, nyuzi mbili nyeusi zinaonekana. Edna aliwekwa katikati ya hodhi tupu, bila kitambaa, bila kona yake, na Glenda akashangaa jinsi alivyo mdogo. Alimzoea akiwa sauti tu ya kukwaruza dirishani.

Wale watatu wakaja pamoja. Edna hakuvimba. Alibana masikio, akajilaza chini, akasogeza kichwa chake taratibu hadi chini ya kidevu cha Clover, yule yule ambaye yeye mwenyewe alimuuma, akangoja. Glenda alikuwa ameshika ukingo wa hodhi kwa nguvu. Clover akamnusa sana. Kisha akamkanyaga shingo kwa mkono mmoja, kama mama anayemzuia mtoto asihangaike, akaanza kumlamba kichwa, nyuma ya masikio, kando ya macho, akimsafisha yale machozi mekundu.

"Hapo," Kirsty alisema kwa sauti ndogo. "Hapo sasa."

Walikaa saa nzima wakiwatazama. Mwishowe wote wanne walikuwa wamelundikana kwenye upande mmoja wa hodhi, Edna chini kabisa, na sauti nyepesi ya kusaga meno ikisikika, ile wanayoitoa wakiridhika. Glenda alikuwa ameisikia sebuleni kwake miaka mingi bila kuuliza ni ya nini. Aligundua analia na hakuwa na leso, kwa hiyo alitumia karatasi ya chooni.

"Unataka kumuaga?" Kirsty aliuliza.

"Acha tu. Nisije nikamwamsha."

"Mwambie mzee nitamtumia picha kila Jumapili. Na akitaka kuja kumwona..." Kirsty akasita.

"Ngazi," Glenda alisema.

"Eeh. Ngazi."

Nyumbani Clive alimtaka asimulie yote, na alipomaliza akamtaka asimulie tena sehemu ya kulambwa. Aliuliza nani alilala chini, nani juu, Edna alisaga meno kwa muda gani. Kisha akasema, "Vizuri." Akasema Pauline amsaidie kukitoa kile kizimba leo leo, kipelekwe kwa Kirsty kikawafae, na kabla ya saa kumi dirisha likawa tupu, zulia chini yake likiwa na alama nne za miguu ya kizimba.

* * *

Jumatatu Glenda alirudi kutoka kazini saa nane na nusu. Mapazia hayakuwa yamefunguliwa. Chai aliyomwachia asubuhi ilikuwa kando ya kitanda, imejaa, juu imefanya utando. Clive alikuwa macho, ameelekea ukutani.

"Hukuamka?"

"Niamke kwa ajili ya nani?"

Glenda akachukua kikombe, akaenda jikoni, akafungua bomba. Vyombo vya jana vilikuwa bado kwenye sinki. Akaanza navyo, akazungumza kupitia mlangoni, sauti juu ya maji.

"Nesi alisema ukilala tu hivyo—"

"Najua alichosema nesi. Unadhani anakunong'oneza wewe tu? Mimi kiziwi?" Akavuta pumzi. "Na unadhani sijui kwa nini uliweka kile kitambaa?"

"Nilikwambia kwa nini. Nilihofia hivi hivi. Ndiyo kwanza siku ya tatu, na tazama."

"Hiyo ni nusu."

"Na nusu nyingine?"

Alingoja. Maji yalikuwa yanapita juu ya mikono yake na hakuwa anaosha kitu.

"Edna alikuwa anakushikia zamu kwangu," Clive alisema.

Glenda alikuwa na majibu, tena makali. Nani anaamka saa kumi na moja. Nani anabeba sufuria za lita arobaini. Nani anakuogesha wewe. Lakini hakuna hata moja lililotoka, kwa sababu alikumbuka jinsi alivyoingia nyumbani kila siku kwa zaidi ya mwaka mzima sasa. Akifungua mlango alikuwa akiuliza akiwa bado ukumbini, "Edna hajambo?" Na Clive akijibu hajambo, yeye aliichukua kuwa habari ya wote wawili, akapita moja kwa moja jikoni.

"Nachoka, Clive," alisema. Alikuwa amegeukia mlango, lakini hakutoka. "Nikifika pale getini, nikaisikia ile mashine inanguruma, kuna siku natamani nigeuze nirudi kituoni. Nikae tu kituoni."

"Najua. Hata mimi ningegeuza."

"Na kazi siwezi kuacha."

"Nani kakwambia uache?"

"Sasa unataka nini?"

Alikaa muda mrefu bila kujibu. Glenda alidhani ni pumzi, kisha akaelewa ni aibu.

"Ukirudi," Clive alisema, "usianze na vyombo."

Glenda akafunga bomba. Alienda sebuleni mikono ikimchuruzika, akaketi ukingoni mwa kitanda, na Clive akasogeza miguu yake kwa taabu ili amwachie nafasi. Walitazamana kidogo kisha wakatazama kwingine. Ilikuwa muda mrefu hawajakaa hivi, na hakuna kati yao aliyejua aanzie wapi.

"Haya," Clive alisema. "Watoto wamekula nini leo?"

"Samaki. Na karoti. Karoti wamerushiana."

"Ukumbi mzima?"

"Hadi kwenye taa."

"Nani alianza?" Clive aliuliza, akashika ukingo wa kitanda, akajivuta juu hadi akaketi.